Redio na Wimbo wa Majibu

Jumanne, tarehe kumi na moja Machi, kulipambazuka kwa manyunyu. Haikuwa mvua ya kumrudisha mtu ndani kuchukua mwavuli, bali rasharasha ya kulowesha mabega polepole, mpaka mtu anashtukia nguo imemganda mwilini. Mwanamke mmoja aliyefanya kazi ya udobi alisimama nje ya ofisi ya uhamiaji, mgongo ameuegemeza ukutani, midomo ikimchezacheza. Aliyempita angedhani anasali. Ni kweli alikuwa amesali tangu alfajiri, lakini kwa wakati ule hakuwa akisali. Alikuwa akiimba kimoyomoyo majibu ya mtihani wa uraia.

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mficha uchi hazai. Maana yake ni kwamba mtu anayeona haya kumfunulia shida yake yule awezaye kumsaidia, hubaki na shida yake, na lile analolitamani hulikosa. Dobi huyu aliijua methali hiyo tangu utotoni, na mara nyingi aliwausia wengine kwayo. Lakini kuijua methali ni jambo moja, na methali kukugeukia wewe mwenyewe ni jambo jingine.

Wenzake wa darasa la jioni walimwita Redio. Darasa hilo lilikutana katika chumba cha juu cha maktaba ya mtaa, chumba kilichotengwa kwa ajili ya watoto, kwa hiyo watu wazima walikaa kwenye viti vifupi, magoti yakikaribia videvu. Mwalimu wao alikuwa binti mdogo, mwenye umri wa kuweza kuzaliwa na karibu kila mwanafunzi wake. Kila jioni alipoingia aliwaamkia kwanza kwa heshima, "Shikamooni wazee wangu," ndipo alipofungua kitabu na kuanza kuwafundisha juu ya Katiba, Bunge, Serikali na Mahakama.

Redio alikuwa ameishia darasa la nne. Kusoma alisoma, ila kwa kujikongoja, kidole kikitambaa chini ya kila neno. Lakini kichwa chake kilinasa wimbo kama gundi. Alipokuwa mtoto alijifunza sala zote kwa kuziimba, na hata ukubwani hakujua njia nyingine ya kuhifadhi jambo. Basi aliyachukua maswali na majibu ya mtihani, akayatia sauti ya wimbo wa sala, akawa anayaimba huku akipiga pasi mashuka ya hoteli. "Nani hutunga sheria? Bunge hutunga sheria. Nani huitekeleza? Serikali huitekeleza. Nani huamua kesi? Mahakama huamua." Mvuke ulipanda, pasi ilikwenda na kurudi, na wimbo ulizidi kurefuka.

Darasani, Mwalimu alipouliza swali, Redio alijibu kabla wenzake hawajafungua ukurasa.

"Huyu si mtu, ni redio!" alisema siku moja mwanafunzi mwenzake, mwanamume mnene mcheshi aliyeendesha gari la takataka la manispaa, ambaye wote walimwita Dereva. "Tena ni redio isiyokula betri!"

Watu walicheka, na jina likamkaa, likamfuata hata udobini. Wakamfanya kiongozi wa kikundi chao. Aliyekwama alimwendea yeye kwanza.

Jambo ambalo hakuna aliyelijua ni kwamba wimbo ule ulikwenda kwa mfuatano tu. Akiulizwa swali la katikati, ilimbidi auanze kwenye mstari wa kwanza, aukimbize moyoni mpaka afike panapotakiwa. Baya zaidi, maneno yenyewe yalikuwa kwake kama masanduku yaliyofungwa. Aliyabeba, aliyapanga vizuri, lakini hakujua ndani mna nini. Kwa nini anayetunga sheria asihukumu yeye mwenyewe, kazi ikaisha? Swali hilo lilimkereketa kama mwiba wa samaki kooni. Lakini kila alipotaka kuliuliza, ulimi ulimwia mzito. Alijiambia, "Nitamuulizaje mtoto aliyeniamkia sasa hivi? Na redio ikianza kuuliza maswali, watu si watatafuta fundi?"

Akanyamaza, akaimba.

Hakuwa akiimba kwa kujifurahisha. Alikuwa na binti mmoja, mtoto wake wa pekee, aliyemwacha kwa dada yake katika nchi aliyotoka, mwaka ule mumewe alipofariki na riziki ikamvusha mpaka. Sheria ya ugenini ilisema hivi: mtoto aliye chini ya miaka kumi na minane huruhusiwa kumfuata mzazi ambaye ni raia. Akishatimiza umri huo huhesabiwa mtu mzima, na foleni ya watu wazima haina mwisho unaoonekana. Binti yake angetimiza umri huo mwezi wa Septemba. Uraia, kwa Redio, haukuwa kitambulisho cha kuweka mkobani. Ulikuwa mlango wa kumpitishia mwanawe, na mlango huo ulikuwa ukifungwa.

Ndani ya ofisi, afisa aliyemsaili alikuwa mzee mtulivu, miwani yake ikining'inia kifuani. Aliuliza swali la kwanza, Redio akajibu. La pili, akajibu. Afisa akatikisa kichwa kwa kuridhika.

"Vizuri, mama. Umesema Katiba ndiyo sheria kuu. Sasa nieleze kwa maneno yako mwenyewe. Bunge likitunga sheria inayopingana na Katiba, inakuwaje?"

Swali hilo halikuwamo katika wimbo. Redio aliuanza upya moyoni, akaukimbiza mpaka kwenye mstari usemao Katiba ndiyo sheria kuu, akasubiri mstari unaofuata umwokoe. Mstari uliofuata ulihusu bendera.

"Bendera ya taifa ni alama ya umoja wetu," alisema kwa sauti thabiti.

Kalamu ya afisa ikasita. "Umelielewa swali langu, mama?"

"Nimelielewa."

"Una hakika? Maana naweza—"

"Nina hakika, mzee wangu."

Hapo alijifunga kitanzi kwa mikono yake mwenyewe. Maswali mawili yaliyofuata yalikuwa ya namna hiyo hiyo, na majibu yake pia. Mwishowe afisa alivaa miwani, akamweleza bila ukali kwamba hakufaulu. Angepewa nafasi moja tu ya kurudia, mwezi wa Juni. Akiikosa hiyo, angesubiri miaka miwili kabla ya kuomba tena.

Alipotoka nje, manyunyu yalikuwa yangali yakianguka. Simu ilikuwa ikiita.

"Mama, vipi?" ilikuwa sauti ya binti yake. "Mama mkubwa yuko hapa, hajala tangu asubuhi, anasema hali mpaka asikie. Umefaulu?"

Redio akajibu, "Wameahirisha, mwanangu. Mpaka Juni."

Jioni ile darasani aliwaambia hivyo hivyo. Dereva alisikitika kwa sauti kubwa, akasema ofisi hizi zina mambo, siku hizi hata kifo wangeweza kukiahirisha. Watu wakacheka, naye akacheka nao, na kicheko kile kilimchoma kuliko pasi ya moto.

Aliendelea kusali, tena kwa machozi. Alimwomba Mungu usiku na mchana. Lakini hata mbele za Mungu, ambaye hafichwi kitu, alizungukazunguka. Hakusema, "Sielewi." Alisema tu, "Nikumbushe."

Mwezi wa Aprili ulipoanza, ndipo mambo yalipogeuka, tena yaligeukia kazini.

Udobini kwao, shuka kubwa hukunjwa na watu wawili. Mmoja hushika pembe za huku, mwingine za kule, wanalikung'uta, kisha wanasogeleana mpaka mikono ikutane. Mwenzake Redio katika kazi hiyo alikuwa mwanamke mwenyeji wa nchi ile, mama wa mapacha wa kike, ambaye wote walimwita Mama Pacha. Siku hiyo Mama Pacha alifika akiwa na macho mekundu, na nguo aliyovaa ilikuwa ya jana.

"Mwenye nyumba amebadilisha kufuli," alisema huku wakikung'uta shuka. "Nimerudi jana na wanangu, ufunguo hauingii. Vyombo vyangu vimo ndani, sare za shule zimo ndani. Kodi nimelipa mpaka mwisho wa mwezi, hilo hata yeye halikatai. Anasema tu chumba anakitaka, mpwa wake ameoa."

"Pole, dada. Mlilala wapi?"

"Kwa jirani, tumepangwa kama njiti za kiberiti. Sasa, Redio, wewe ndiye unayesoma mambo ya sheria. Niambie, huyu mtu ana haki ya kunifanyia hivi?"

Wimbo ukaanza wenyewe. "Hakuna mtu aliye juu ya sheria," alisema Redio.

"Hiyo nimeshaisikia, hata wanasiasa wanaisema. Mimi nauliza nifanye nini. Niende wapi?"

Waliposogeleana kukunja, mikono yao ilikutana, na macho pia. Redio aliona jinsi mwenzake alivyomtegemea. Hapo ilikuwa inatosha kusema, "Sijui, dada." Ni maneno mawili tu. Lakini jina la Redio lilikuwa limemkaa mpaka kwenye mifupa. Akautafuta msaada katika wimbo. Sheria hutungwa na nani?

"Nenda Bungeni," alisema. "Bunge ndilo lenye sheria."

Mama Pacha alimshukuru kwa moyo wote. Siku iliyofuata aliomba ruhusa, hakuja kazini. Alipokuja kesho yake, alilitupa shuka mezani kabla hawajalishika.

"Nimekwenda," alisema. "Tena nimevaa vile viatu vyangu vya kubana, nisije nikaonekana mshamba. Askari wa getini akaniuliza, 'Mama, una miadi na mbunge gani?' Nikamwambia sina miadi, nimekuja kumshtaki mwenye nyumba. Unajua alifanya nini? Alimwita mwenzake aje asikie na yeye! Wakaniambia, 'Mama, hapa hutungwa sheria, hayafunguliwi makufuli.' Nikacheka nao, ningefanyaje? Nikarudi kwa miguu, viatu mkononi."

Wasichana wawili waliokuwa kwenye mashine ya kufua walijiziba midomo. Mama Pacha hakucheka.

"Redio, ulikuwa unajua au hujui?"

"Nilidhani..."

"Sikukuuliza ulichodhani, mwenzangu. Ungesema hujui, ningemuuliza mwingine siku ile ile. Wanangu wamekosa shule siku mbili kwa sababu wewe umeona aibu ya dakika moja."

Alilishika shuka, wakaanza kazi. Walikunja mpaka saa za kutoka bila kuongea, na siku hiyo hapakuwa na wimbo.

Jioni ile Redio alipiga magoti kando ya kitanda chake kabla ya kwenda darasani. Safari hii hakuomba akumbushwe. Alisema, "Mungu wangu, sielewi. Nimewadanganya watu. Nipe mdomo wa kusema." Kisha akavaa kanga yake akaondoka kama anayekwenda kujisalimisha polisi.

Mwalimu alipomaliza kuwaamkia na kufungua kitabu, Redio alisimama. Kiti kile kifupi kiliinuka naye kidogo, kikaanguka kwa kishindo.

"Mwalimu, naomba niseme. Mimi sikuahirishiwa mtihani. Niliufanya, nikaanguka." Akakiinua kiti, akaendelea. "Majibu nayajua kama mnavyoyasikia. Ila siyaelewi. Sijui kwa nini Bunge si Mahakama. Sijui mtu akidhulumiwa aende wapi. Juzi nimempeleka mwenzangu Bungeni kwa habari ya kufuli la mlango."

Dereva alifungua mdomo, na watu wakajiandaa kucheka. Lakini alijikuna kichwa, akasema taratibu, "Dada, kama ni hivyo tuko wengi. Mimi mpaka leo nilidhani Waziri Mkuu ndiye hakimu mkubwa wa mahakimu. Sasa nikiwaza, redio yenyewe ilikuwa inasema kila siku kwamba Mahakama ndiyo huamua, mimi najibu 'naam' tu."

Hapo kicheko kikapasuka, kicheko cha watu waliotua mzigo. Mwanamke mmoja wa nyuma akasema yeye hajui tofauti ya mbunge na waziri. Mwingine akasema hajui neno rufaa ni kitu gani, ila huwa analitaja kwa sauti.

Mwalimu alikifunga kitabu. "Mama," alimwambia Redio, "nashukuru. Na mimi nilikosea. Nilipokuwa nikisikia majibu mazuri nilifurahi, nikadhani nimefundisha. Kwanza tuanze na huyo mama wa kufuli. Aende mahakamani, kwenye dawati la msaada wa kisheria, hawatozi kitu. Mwenye nyumba hawezi kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama. Kesho asubuhi, asichelewe."

Kisha akawaambia wasimame, wapange viti upya. "Leo hatusomi. Leo tunaunda nchi."

Aliwagawa. Wengi wao wakawa Bunge. Dereva akawa Serikali, akavimba kifua papo hapo na kudai aitwe Mheshimiwa. Redio akawekwa peke yake pembeni, akaambiwa yeye ndiye Mahakama. Bunge likabishana sana, mwishowe likatunga sheria moja: atakayeingia darasani baada ya somo kuanza, atasimama mlangoni mpaka somo liishe.

Asubuhi iliyofuata Redio aliomba ruhusa kazini, akaenda na Mama Pacha mahakamani. Njiani alimwomba radhi, na Mama Pacha akamjibu, "Radhi nimetoa jana usiku, nisingelala. Leo tembea." Katika dawati la msaada walisikilizwa. Mchana hakimu alimsikiliza Mama Pacha, akamwita mwenye nyumba, akamsikiliza na yeye, kisha akaamuru kufuli lifunguliwe siku hiyo hiyo. Redio alikaa benchi la nyuma, macho yakimtoka. Hakimu hakufungua kufuli yeye mwenyewe. Aliyekwenda kufungua alikuwa mtu mwingine, ofisa wa mahakama, akiwa ameandamana na askari. Na sheria waliyoitumia hakuitunga hakimu wala askari. Jioni mapacha walilala kitandani kwao.

Aliporudi darasani wiki hiyo, alikuta Mwalimu hajafika. Walisubiri. Mlango ulipofunguliwa, Mwalimu aliingia akihema, mikono imejaa vitabu.

Dereva alisimama kama askari wa gwaride. "Samahani sana, Mwalimu. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kwa jina la Serikali, simama hapo mlangoni!"

Darasa lilipiga kelele za furaha. Mwalimu aliweka vitabu chini, akasema, "Najitetea. Naomba Mahakama inisikilize."

"Mahakama haina haja ya kusikiliza," alisema Dereva. "Nimeshamkamata, amechelewa, kila mtu ameona. Asimame!"

"Sheria yenu inasema nini?" aliuliza Mwalimu. "Inasema atakayeingia baada ya somo kuanza. Haya niambieni, somo lilikuwa limeanza? Nani aliyekuwa akifundisha?"

Macho yote yakamgeukia Redio. Hakuna wimbo uliomsaidia. Alifikiri kwa muda, kisha akasema, "Somo lilikuwa halijaanza. Mwalimu hana kosa. Akae."

"Aa, dada! Unampendelea!" Dereva alilalamika. "Serikali inasema asimame!"

"Serikali haihukumu," Redio alimjibu. "Wewe kazi yako ilikuwa kumkamata, umemkamata. Kama ungekuwa unakamata na kuhukumu wewe mwenyewe, basi leo Mwalimu angesimama kwa kosa ambalo halimo kwenye sheria, na asingekuwa na pa kulalamika. Kama sheria hamuitaki, Bunge liibadilishe. Mimi na wewe hatuwezi..."

Akanyamaza katikati ya sentensi. Alikuwa amejisikia mwenyewe. Lile swali lililomkaa kooni kwa miezi alikuwa amelijibu sasa hivi, kwa mdomo wake, mbele ya watu, na hakuwa ameimba.

"Endelea, Mheshimiwa Jaji," alisema Mwalimu kwa sauti ya chini.

"Nimemaliza," alisema Redio, akafuta macho kwa ncha ya kanga.

Kuanzia hapo akawa muulizaji mkubwa kuliko wote. Aliuliza mpaka Dereva akasema redio imegeuka kuwa mwandishi wa habari. Siku ile ile alimpigia binti yake simu, akamwambia ukweli wote. Binti akasema, "Mama, mimi hisabati nilianguka mara mbili, nikakwambia shule imefungwa mapema. Kwa hiyo tumelingana." Redio hakujua acheke au agombe, akafanya yote mawili.

Mwezi wa Juni alirudi ofisi ya uhamiaji. Safari hii afisa alikuwa mwanamke kijana, msemaji wa haraka, aliyeuliza maswali kama anayekimbizwa. Redio alijibu mengi. Moja hakulijua, akasema, "Hilo silijui," afisa akapita. Kisha likaja hili:

"Fafanua jinsi uhuru wa mhimili wa mahakama unavyohifadhiwa dhidi ya mwingilio wa mihimili mingine ya dola."

Maneno yalimpita juu ya kichwa kama ndege. Alisikia wimbo wa zamani ukianza kupanda kifuani, tayari kumpa mstari wowote ule. Alimwona binti yake machoni, na Septemba nyuma yake. Akakumbuka ule ulimi uliosema "nimelielewa" wakati haukuelewa kitu.

"Samahani, afisa," alisema. "Swali hilo sijalielewa. Naomba uliseme kwa maneno mepesi."

Afisa aliacha kuandika. Redio alidhani amejiharibia. Lakini afisa alisema, "Ni haki yako kuomba hivyo, mama. Wengi hawaombi." Akafikiri. "Haya. Waziri ampigie jaji simu amwambie kesi fulani aiamue hivi au vile. Kuna ubaya gani?"

Redio akajibu:

"Ubaya upo, tena mkubwa. Waziri ni upande wa Serikali. Labda ni Serikali hiyo hiyo iliyonikamata. Ikiwa aliyenikamata ndiye anayechagua hukumu, mimi nimeshindwa kabla sijaingia mahakamani, hata kama sina kosa. Jaji lazima aangalie sheria inasemaje na asikilize pande zote mbili, hata kama upande mmoja ni mtu mnyonge. Mimi nimeona kwa macho yangu mwenye nyumba na mpangaji wakisikilizwa sawa. Kama kungekuwa na simu ya mkubwa siku ile, watoto wawili wangelala nje."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Alipoinua uso alikuwa akitabasamu. "Hongera, mama. Umefaulu."

Mwezi wa Julai Redio na wengine waliofaulu waliitwa kula kiapo. Ukumbi ulikuwa mpana, viti vimepangwa kwa safu, na watu wa rangi na lugha mbalimbali walikuwa wamevaa nguo zao nzuri kuliko zote. Mwalimu alikuwepo. Dereva alikuwepo, amevaa tai iliyomkaba. Mama Pacha alikuja na mapacha wake. Mwalimu alishika simu juu, ili binti na mama yake mkubwa wasikie kila kitu kutoka huko waliko.

Jaji aliyesimamia shughuli alisoma maneno ya kiapo, kisha akauliza kama kuna yeyote ambaye hakuelewa. Ukumbi mzima ulinyamaza. Mkono mmoja ukainuka.

"Mheshimiwa," alisema Redio, "tunaapa kuilinda Katiba. Mtu kama mimi, mpiga pasi, nitailindaje?"

Minong'ono ilipita safu kwa safu. Jaji alishusha karatasi yake. "Kwa kuitii," alisema. "Kwa kuijua. Na kwa kusema inapovunjwa, hata kama anayeivunja ni mimi." Watu wengi walishusha pumzi, na mwanamume aliyekaa kulia kwa Redio akamnong'oneza, "Ahsante, mama. Nami nilitaka kuuliza."

Wakainua mikono, wakaapa. Redio aliyatamka maneno taratibu, moja baada ya jingine, akijua kila moja lilibeba nini.

Walipomaliza, kabla makofi hayajatulia, sauti ilitoka kwenye simu mkononi mwa Mwalimu. "Mama! Sasa nitakuja lini?"

Watu wa karibu walicheka, wakageuka kusikiliza. Redio aliichukua simu. Mama Pacha alimshika mkono mmoja, Dereva akalegeza tai yake, na jaji mwenyewe, aliyekuwa akishuka jukwaani, akasimama.

"Utakuja, mwanangu," alisema Redio kwa sauti iliyofika mpaka safu za nyuma. "Ombi lako nalipeleka leo leo, kabla ya Septemba. Na ninakuahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa wote wanaonisikia: nitakapokwama nitasema nimekwama, na nisilolielewa nitaliuliza, mlango kwa mlango, bila haya, mpaka siku nikukumbatie. Maana mficha uchi hazai."